UZI: Nyumba za chai za Kichina. Unalipia nini hasa, unanywaje, na ni wapi mgeni anapigwa

#1 MsafiriWaRelini

Wakuu, kila maonesho ya Canton yakikaribia, Aprili na Oktoba, maswali ya China humu ndani huwa ya mzigo, hoteli na kontena. Chai inaguswa kwa mstari mmoja tu, tena mara nyingi na mtu aliyeshapigwa bili ya ajabu. Uzi huu ni wa chai peke yake. Mwenye ujuzi aongeze, mwenye swali aulize.

Kuna jambo moja la kulishika kabla ya yote: bei unayoisoma kwenye menyu mara chache ni bei ya majani. Ni bei ya kiti, maji ya moto na muda. Kikombe kimoja Chengdu kinakupa haki ya kukaa tangu asubuhi hadi jioni, maji yakiongezwa bila malipo. Guangzhou chai yenyewe ni hela ndogo, ila unatarajiwa kula. Chaozhou unaweza kunyweshwa bure dukani kwa sababu muuzaji anataka ununue majani ya kubeba. Na Shanghai au Hangzhou unalipia zaidi jengo na mandhari ya dirishani. Ukihama mji, kinacholipiwa kinahama pia, na hapo ndipo wageni wengi wanapoanza kulalamika kwamba wameibiwa wakati hawakuibiwa.

Nianze na Chengdu, mkoa wa Sichuan, maana huko mambo yako wazi na ni rahisi kujifunzia.

Sehemu maarufu ni Heming, ndani ya bustani ya Renmin Gongyuan, iliyopo tangu miaka ya 1920. Ni viti vya mianzi, meza fupi, miti juu na bwawa pembeni. Usisimame mlangoni ukisubiri kupangiwa meza. Tafuta kiti kitupu, kaa, ndipo uagize. Bei zimebandikwa, zinaanzia yuan ishirini na kitu na kupanda kulingana na majani. Kila anayekaa ananunua kikombe chake. Watu wawili kwa kikombe kimoja hawakubaliwi. Siku za kazi kabla ya saa 4 asubuhi viti vipo tele. Jumamosi na Jumapili mchana ni vurugu.

Cha kuagiza: Bitan Piaoxue ni chai ya kijani iliyotiwa harufu ya asumini, na maua meupe huelea juu. Zhuyeqing ni ya kijani kutoka mlima Emei, laini, haina maua. Mengding Ganlu inatoka mlima Mengding, upande wa Ya'an. Kwa aliyezoea chai ya rangi, ya asumini ndiyo nyepesi kuipenda mara ya kwanza.

Italetwa ndani ya gaiwan. Ni vitu vitatu: kisahani chenye shimo katikati, bakuli lisilo na mkono, na kifuniko. Wengi wanaungua hapa kwa sababu wanashika bakuli lenyewe. Unainua kisahani kwa mkono wa kushoto, bakuli likiwa limekaa ndani ya lile shimo, kwa hiyo joto halifiki vidoleni. Mkono wa kulia unashika kirungu cha kifuniko, unasukuma majani upande wa mbali mara mbili tatu, kisha unakiacha kifuniko kikiwa kimeinama na upenyo mwembamba. Unanywea kwenye upenyo. Majani yanabaki nyuma ya kifuniko.

Usimalize maji yote. Acha kama theluthi moja ndipo uongeze. Ukikausha bakuli, maji yanayofuata yanatoka mepesi kabisa, maana ile theluthi ndiyo inayobeba ladha kwenda mzunguko wa pili. Majani mazuri ya kijani yanatoa mizunguko 3 hadi 4 yenye maana. Baada ya hapo ni maji ya moto yenye historia.

Ishara za kifuniko zinafanya kazi kwenye nyumba za zamani. Kifuniko kikiegemezwa kando ya bakuli, kwenye kisahani, maana yake niongezee maji. Ukiinuka kwenda msalani, weka kitu kidogo juu ya kifuniko, hata jani, watajua unarudi. Ukikipindua kifuniko chini juu ukakiweka ndani ya bakuli, umemaliza, na meza itasafishwa hapo hapo. Hiyo ya mwisho usiifanye kwa kucheza.

#2 Githurai_Express

Mkuu asante. Swali la kijinga: maziwa na sukari je? Na huyo mhudumu wa birika lenye mdomo mrefu yuko kila mahali?

#3 MsafiriWaRelini

Maziwa hayapo, sukari haipo, na ukiomba watakuletea uso wa mshangao. Majani haya ni mazima, hayajasagwa kama majani yetu ya kuchemsha na maziwa, kwa hiyo hata ukipewa maziwa, chai itapotea ndani yake. Ukitaka kitu kinachokaribia chai ya rangi, au strungi kama mnavyosema huko, agiza hong cha. Dianhong ya Yunnan ina uzito wa kutosha na haihitaji sukari.

Birika la mdomo wa mita moja ni onyesho. Asili yake ni kumfikia mteja wa nyuma kwenye ukumbi uliojaa bila kumpitishia maji ya moto kichwani, ila leo unaliona zaidi kwenye kumbi za watalii na mikahawa mikubwa. Pale bustanini unaachiwa chupa ya maji ya moto mezani, unajiongezea mwenyewe.

#4 Kontena40ft

Nimeweka kambi. Naongezea Guangzhou, kwa kuwa ndiko wengi wetu tunashukia na kulala Xiaobei siku zote bila kuvuka barabara kuona mji.

Guangzhou hawaendi "kunywa chai" kwa maana ya Chengdu. Wanaenda zaocha, chai ya asubuhi pamoja na vitafunwa vya mvuke. Utaratibu uko hivi:

Mlangoni unachukua namba, kwa mashine au kwa dada wa mapokezi. Ukikaa, swali la kwanza ni mko wangapi na mnakunywa nini. Hapo inaingia 茶位 (chawei), tozo ya chai kwa kila kichwa. Kwa sehemu za kawaida ni yuan chache hadi kumi na kitu kwa mtu, kwenye hoteli kubwa inazidi. Hiyo tozo unalipa hata kama hukunywa. Inajumuisha majani na maji bila kikomo. Ukiiona kwenye bili usigombe.

Kisha linakuja bakuli kubwa tupu pamoja na buli. Maji ya kwanza yanayomiminwa SI ya kunywa. Wenyeji wanasuuzia vikombe, mabakuli na vijiti, kisha wanayatupa kwenye lile bakuli kubwa, ambalo mhudumu huliondoa. Nimeona humu mtu akiandika kwamba ni kuua vijidudu. Maji yale hayakai muda wa kuua chochote. Ni desturi, na inaondoa vumbi, basi.

Vitafunwa vinaagizwa kwa karatasi ya kuweka alama au kwa kuchanganua msimbo wa QR uliobandikwa mezani. Bei haziandikwi kwa kila kitu. Vimepangwa kwa madaraja: kidogo, cha kati, kikubwa, maalumu. Bei ya kila daraja iko juu au chini ya karatasi, kwa hiyo isome kabla ya kuanza kuweka alama. Kikapu kimoja kina vipande 3 au 4. Kwa mtu mmoja vikapu 2 hadi 3 vinatosha. Agizeni kwa awamu, vikija vyote pamoja vinapoa, na ngozi ya har gow, kile kitafunwa cha kamba wa baharini, ikipoa inakuwa mpira.

Buli likiisha maji, funua kifuniko ukiegemeze mdomoni mwa buli. Usimwite mhudumu, atakuja.

Mwenzako akikumiminia, gonga meza taratibu kwa vidole viwili mara mbili tatu. Ni shukrani. Wanasimulia kwamba mfalme Qianlong alitembea kwa kujificha, akammiminia chai mtumishi wake, na mtumishi asiweze kusujudu hadharani akasujudu kwa vidole. Hiyo ni hadithi, lakini kugonga kwenyewe kuna faida: humkatizi mtu anayeongea. Ni mambo ya Guangdong na Hong Kong zaidi. Beijing ukigonga hakuna atakayekukasirikia, ila wengine hawataelewa.

Chai ya kuagiza na chakula cha mafuta ni pu'er, nyeusi tii, harufu ya udongo baada ya mvua. Ukiona nzito, omba ichanganywe na maua ya krisanthemu, mchanganyiko wa kawaida kabisa kule. Shoumei ni nyepesi na rahisi. Tieguanyin ipo kila mahali.

Wanaotaka jengo lenye historia, Taotaoju ipo tangu 1880. Foleni yake ni ndefu. Ukitaka bei nafuu nenda kipindi cha saa 8 hadi saa 10 alasiri siku za kazi, sehemu nyingi hushusha bei ya vitafunwa muda huo.

#5 Mchungwa_Tanga

Hapo kwenye tozo ongeza vile vijisahani vya karanga na taulo za karatasi zenye maji vinavyowekwa mezani bila kuagizwa. Sehemu nyingi vinalipiwa, hasa Hong Kong. Hutaki, virudishe mapema kabla hujafungua. Na Hong Kong kuna asilimia 10 ya huduma juu ya bili, kwa hiyo Luk Yu, ile nyumba ya chai ya tangu 1933, usihesabu bei ya menyu tu.

Lingine la Hong Kong, na hili linawaponza watu: ukitoka Guangzhou kwenda kunywa chai Hong Kong umetoka China bara kwa mujibu wa uhamiaji. Mwenye viza ya kuingia mara moja hawezi kurudi Guangzhou, hata kama siku zake hazijaisha. Hakikisha viza yako inasema mara mbili au zaidi.

#6 Lamu_Kaskazini

Ndugu zangu, kwa sisi Waislamu uzi huu una pengo. Zaocha imejaa nguruwe kuliko inavyoonekana. Char siu bao, andazi la mvuke lenye nyama ya nguruwe ndani, kila mtu anaijua. Lakini har gow, ambayo unaambiwa ni kamba tupu, mara nyingi huchanganywa na mafuta ya nguruwe ili isiwe kavu. Keki ya figili huwekwa soseji ndani. Vitobosha vya mayai vinakandwa kwa mafuta hayo hayo. Ukimuuliza mhudumu "kuna nyama ya nguruwe?" atajibu hakuna, na hatakuwa anadanganya, maana kwake mafuta si nyama. Swali la kuuliza ni la mafuta.

Alama ya kutafuta ni 清真, mara nyingi kwa kijani, na pengine pembeni imeandikwa halali kwa Kiarabu. Guangzhou mitaa ya karibu na msikiti wa Huaisheng na eneo la Xiaobei inazo. Ila humo hutapata zaocha ya Kikantoni; utapata tambi na nyama ya kondoo ya Wahui na Wauyghur, na chai yao.

Na chai yao ndiyo ninayoisifu. Kaskazini-magharibi, Lanzhou, Ningxia, mpaka mtaa wa Waislamu Xi'an, kuna babao cha, chai ya vitu vinane, inayoitwa pia sanpaotai. Inakuja kwenye gaiwan ile ile: majani ya chai, sukari ya mawe, kunazi zilizokaushwa, longani kavu, beri za goji, zabibu kavu, ufuta, jozi. Idadi haifuatwi kikamilifu na kila nyumba ina mapishi yake. Maji yawe yanachemka kweli, la sivyo sukari ya mawe haiyeyuki na matunda hayalainiki. Subiri dakika 4 hadi 5. Mzunguko wa kwanza una ladha ya chai, wa pili na wa tatu utamu unapanda, mwisho unakula matunda. Unasukuma vitu kwa kifuniko, lakini usivuruge kwa kijiko. Mtu wa pwani hahitaji kuzoeshwa hii.

Nyumba ya chai tupu kama hizo za Chengdu haina shida yoyote, ni maji na majani. Angalia tu vitafunwa.

#7 Bintisaa

Kaka Lamu umenisaidia sana. Naomba kuuliza kuhusu gongfu cha, ile ya vikombe vidogo vidogo. Kwenye video inaonekana ni ibada ya saa nzima, je mgeni anatakiwa kufanya nini?

#8 Mchungwa_Tanga

Dada, video zinakuza. Chaozhou, mashariki mwa Guangdong, hiyo ndiyo chai ya kila siku; fundi wa pikipiki ana seti yake karakana. Mwaka 2022 UNESCO iliandikisha ufundi wa kuandaa chai China pamoja na mila zake, na gongfu ya Chaozhou imo. Mgeni hafanyi chochote ila kunywa, ila ukikodi chumba cha chai utaachiwa vifaa ujitengenezee, kwa hiyo vipimo ni hivi.

Gaiwan ya hapa si ile kubwa ya Chengdu. Ni ndogo, mililita 100 hadi 120, na haitumiki kunywea bali kumiminia. Majani gramu 7 hadi 8 ya Fenghuang Dancong, yaani karibu ijae majani makavu. Ndiyo, ni mengi, kwa sababu unaloweka kwa sekunde, si kwa dakika. Maji yawe yamechemka kabisa. Mimina kutoka juu, kwa kuzunguka ukingo, usipige katikati. Ukipiga katikati majani ya chini yanatoa uchungu mapema na ya pembeni yanabaki makavu.

Maji ya kwanza wengi wanamwaga, yanaamsha majani na kupasha vikombe. Mzunguko wa pili sekunde 5 hadi 8, kisha unaongeza sekunde chache kila mara. Dancong nzuri inafika mizunguko 10.

Vikombe ni vitatu, vimegusana, hata mkiwa wanne au watano. Unamimina karibu na vikombe ili povu lisitoke na joto lisipotee, ukizunguka bila kusimama kikombe kimoja. Matone ya mwisho yanagawiwa moja moja kwa kila kikombe. Sababu ni ya kawaida kabisa: mwisho wa gaiwan ndiko kuna chai kali zaidi, ukiyamalizia kikombe kimoja huyo anakunywa dawa na mwenzake maji.

Makosa yanayoharibu:

Kujaza maji hadi ukingoni. Gaiwan unaishika kwa kidole gumba na cha kati kwenye mdomo uliopanuka, cha shahada kikikandamiza kirungu cha kifuniko. Mdomo ule unabaki vuguvugu endapo tu maji yako chini yake. Ukijaza, mvuke na maji vinapita kwenye vidole. Asilimia 80 inatosha.

Kuacha maji ndani kati ya mizunguko. Kausha gaiwan kabisa kila mara. Wenye kulalamika kwamba Dancong ni chungu, tisa kwa kumi shida ni hii. Ona ilivyo kinyume cha Chengdu, kule unaacha theluthi kwa sababu majani ni machache.

Kikombe cha mgeni kisijae, saba kwa kumi. Kikijaa hashikiki, na kwao ni kama unamfukuza.

Adabu: wageni wanachukua kwanza, anayetengeneza anakunywa mwisho. Mgeni mpya akiingia, majani yanabadilishwa hata kama yalikuwa bado. Ukiona mwenyeji ameacha chai ipauke na habadilishi, aga.

#9 Kontena40ft

Hapo kwenye kukodi chumba pigia mstari. Chumba cha chai kina namna tatu za kutozwa: kwa saa, kwa kichwa, au kima cha chini cha matumizi. Na chai inaweza kuandikwa bei kwa buli, kwa mtu, au kwa GRAMU. Yuan 30 kwa mtu na yuan 30 kwa gramu zinafanana sana kwenye menyu ya Kichina. Kwa seti ya gramu 8 hiyo ni yuan 240. Elekeza kidole kwenye neno lililo baada ya namba uulize.

#10 Githurai_Express

Sasa tuambieni ile ya utapeli wa "students" wa Beijing na Shanghai.

#11 MsafiriWaRelini

Haijabadilika kwa miaka mingi. Maeneo: karibu na Tiananmen na Wangfujing kwa Beijing, barabara ya Nanjing, Renmin Guangchang na viunga vya bustani ya Yuyuan kwa Shanghai. Vijana wawili watatu, wachangamfu, Kiingereza kizuri, wanaomba uwapige picha. Wanasema ni wanafunzi wametoka mkoa mwingine. Kisha: tunaenda kuona sherehe ya chai, ya jadi, leo tu, twende. Sehemu yenyewe ni chumba kidogo, ghorofani au ndani ya jengo la maduka, hakina madirisha ya barabarani. Dada mwenye qipao, gauni la Kichina la kubana, anaonjesha chai tano sita kwenye vikombe vya kijiko kimoja. Menyu haionyeshwi, au inaonyeshwa haraka na bei ni kwa kila onjo kwa kila mtu. Mwisho bili ni maelfu ya yuan. "Wanafunzi" wanatoa sehemu yao mbele yako bila kunung'unika, na hilo ndilo linalokufanya uone aibu kukataa.

Alama ya kweli si urafiki. Wachina wengi ni wakarimu hivyo hivyo. Alama ni kwamba wao ndio wanachagua mahali. Pendekeza mwende sehemu nyingine uliyoichagua wewe, pale pale barabarani. Wa kweli atakubali, huyo mwingine atakumbuka ana darasa.

Ukishaingia: usinywe kabla ya kuona bei kwa maandishi, ipige picha. Ukishanywa na bili imekuja, sema unapiga 110, polisi, na uipige kweli. Sheria ya bei ya China inadai bei zionyeshwe wazi. Kwa malalamiko ya mlaji namba ni 12315. Tunza risiti. Kama umelipa kwa kadi, pinga muamala benki kwako mara moja.

#12 Mchungwa_Tanga

Kwa Shanghai nyumba halali ni Huxinting, katikati ya bwawa la Yuyuan, unavuka daraja lenye kona kona. Jengo ni la 1784, likawa nyumba ya chai 1855, Malkia Elizabeth II alikunywa hapo 1986. Lakini kusema kweli ni ghali kwa kile kilichomo ndani ya kikombe.

#13 Bintisaa

Kama bei ni ya kiti, si ndiyo hiyo hiyo mantiki ya #1?

#14 Mchungwa_Tanga

Umenikamata hapo. Basi niseme hivi: ukipata meza ya dirishani ghorofani, bei ina haki yake. Ukikalishwa kona ya ndani, ondoka kabla ya kuagiza. Ukishaagiza umeshanunua kile kiti.

Kwa hela hiyo hiyo afadhali treni ya kasi mpaka Hangzhou, saa moja hivi. Kuna vijiji vya Longjing na Meijiawu, wakulima wanauza chai kwenye nyua zao, bei kwa bilauri moja kwa mtu, maji tele. Uliza kama mnalazimika kula chakula, wengine wanaweka hivyo saa za mchana.

Longjing inanywewa kwenye bilauri ya kioo: gramu 3, maji nyuzi 80 hadi 85. Mimina theluthi kwanza, zungusha bilauri majani yalowane, kisha jaza. Maji yanayochemka yanaipika: rangi inageuka njano, harufu ya njegere mbichi inapotea, inabaki uchungu. Isifunikwe. Bei kubwa kabisa ni ya majani yaliyochumwa kabla ya Qingming, siku ya 4 au 5 Aprili. Mtu akikuuzia "kabla ya Qingming" mwezi Machi mwanzoni kwa bei ya kutupa, hiyo imetoka mkoa mwingine wenye joto zaidi.

Na huko huko kuna makumbusho ya taifa ya chai, yalifunguliwa 1991, kiingilio bure, Jumatatu hufungwa. Nenda kabla ya kununua chochote, utaona majani halisi ya aina zote sita.

#15 Githurai_Express

Malipo wakuu. Cash inakubalika?

#16 Kontena40ft

Kisheria ndiyo, kiuhalisia chenji hakuna. Beba noti za 5, 10 na 20. Kinachofanya kazi ni Alipay au WeChat ukiwa umeunganisha Visa au Mastercard, na paspoti imethibitishwa ndani ya programu. Muamala usiozidi yuan 200 hautozwi ada na programu. Ukizidi ni asilimia 3. Bili ya yuan 260 ya watu wawili, kila mtu alipe yake.

Unganisha kadi ukiwa bado nyumbani, ambako ujumbe wa benki wenye namba ya siri unafika kwenye laini yako. Watu wanasubiri mpaka uwanja wa ndege wa Baiyun, Guangzhou, laini haina rominga, ndipo wanahangaika. Kwa Kenya, kadi pepe ya M-Pesa GlobalPay ni Visa, ila jaribu kuiunganisha mapema na uwe na kadi ya benki ya akiba, maana kadi pepe hukataliwa wakati mwingine.

Menyu za msimbo wa QR ni Kichina kitupu. Piga picha ya skrini, ipitishe kwenye programu ya tafsiri uliyoipakua lugha yake kabla ya safari. Google haifunguki kwa wifi ya hoteli.

#17 Lamu_Kaskazini

Kununua majani ya kuja nayo je? Soko la Fangcun kule Guangzhou wanasema bei ya jumla.

#18 Kontena40ft

Fangcun, wilaya ya Liwan, metro namba 1. Ni maduka kwa maelfu, soko kubwa kuliko yote ya chai China. Unakaa, unaonjeshwa bure, hulazimiki kununua, ila usionje vitu sita vya bei juu kisha ununue gramu 50 za asumini.

Vipimo ndipo panapochanganya. Bei inatajwa kwa jin, ambayo China bara ni gramu 500 kamili. Liang ni gramu 50. Wewe ukifikiria kilo, utaona rahisi au ghali mara mbili. Hong Kong jin ni ya kizamani, gramu 600 na kidogo, na liang yake karibu gramu 38. Pu'er ya mkate ni gramu 357, mikate 7 ni fungu moja, karibu kilo 2.5.

Pu'er ya "miaka 30" kwa yuan 200 haipo. Nunua unachokipenda kinywani, si mwaka ulioandikwa kwenye karatasi. Omba wafunge mbele yako kutoka kwenye kopo lile lile uliloonjeshwa.

#19 Bintisaa

Na wale wa kusafisha masikio Chengdu, ni salama?

#20 MsafiriWaRelini

Wanapita wakigonga chuma cha matawi mawili, kinalia ting. Wana taa kichwani, vijiko vyembamba, manyoya. Hisia ni nzuri, watu wanasinzia. Kiafya, vifaa vinatoka sikio moja kwenda jingine. Uliza kama vichwa vya vifaa ni vipya, na mwenye tundu kwenye ngoma ya sikio au maambukizi asiguse kabisa. Bei mkubaliane kabla hajaanza, na umwambie ni masikio tu, maana katikati ataanza kukukanda mabega na hiyo ni bei nyingine.

Wapenda picha: nyumba ya zamani ya Pengzhen, wilaya ya Shuangliu nje kidogo ya Chengdu. Inafunguliwa alfajiri kabla hata ya saa 11, wazee wa mtaa wanakunywa kwa hela kidogo sana, mgeni hulipa karibu yuan 10. Saa 1 hadi saa 3 asubuhi mwanga unaingia kwa mapengo ya paa kupitia moshi wa sigara na mvuke. Nunua chai, kaa, kunywa kwanza, kamera baadaye. Mzee akigeuza uso, acha. Mahjong ya nyumba ya nyuma isogelee kwa macho tu. Kamari imekatazwa kisheria kule.

#21 Githurai_Express

Nimeona mtu akisema alilewa chai. Ni kweli ama ni story za jaba?

#22 Mchungwa_Tanga

Ni kweli, wanaiita cha zui. Gongfu nyingi tumbo likiwa tupu: kizunguzungu, mikono inatetemeka, jasho jembamba. Ni kafeini pamoja na njaa, na chai changa za kijani au pu'er mbichi ndizo zinazoongoza. Acha kunywa, kula kitu kitamu, nusu saa inapita. Ndiyo maana meza ya onjo ina vitafunwa vya ufuta. Kula kabla ya Fangcun, sio baada.

#23 Kontena40ft

Na karatasi za msalani mbebe wenyewe. Nyumba za zamani hawaweki.